Ee Mwenye Motokaa, Zitazame Taa Zako

Kutoka mpaka wa Kasumbalesa hadi mji wa Lubumbashi ni mwendo wa kilomita 90 na kidogo. Saa moja ya jioni giza limekwisha kuingia, wala barabara haijapumzika. Malori yenye shaba yaelekea Zambia, mengine yarudi na shehena za kila namna, na katikati yao zapenya motokaa ndogo zenye jamaa zinazorejea nyumbani. Pembeni mwa lami watembea watu: watoto, akina mama wenye mabeseni kichwani, na wale wanaume wavumilivu wanaosukuma baisikeli zilizobeba magunia ya makala, wakiyaleta mjini kutoka porini ili sisi tupate kupika. Wengi wao hawana taa hata moja. Uhai wa mtu kama huyo umo katika taa za motokaa inayomjia kwa nyuma.

Basi twataka kuzungumza na baba na mama wa jamaa juu ya taa hizo. Nyingi za mjini kwetu zina kasoro isiyoonekana mchana. Kasoro yenyewe haikutokana na uchakavu; zilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ila kwa ajili ya nchi nyingine.

Simama Kamalondo, Katuba, Kenya au Kampemba, uzihesabu zinazopita. Nyingi ni motokaa ndogo za Japani, zilizokwisha kutumika huko miaka mingi: Toyota Vitz, iliyoanza kuuzwa kwao mwaka 1999, Toyota IST, iliyoifuata mwaka 2002, na Corolla za zamani. Zikishushwa melini Dar es Salaam, hupita Tanzania na Zambia, safari ya karibu kilomita 2,000, na katika njia yote hiyo ziko kwao, maana Wajapani, Watanzania na Wazambia wote hushika mkono wa kushoto barabarani. Ni pale Kasumbalesa tu ndipo motokaa hugeuka kuwa mgeni. Sisi, kwa desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji, twashika mkono wa kuume. Usukani uliokuwa katikati ya barabara sasa uko upande wa majani. Hilo kila mtu huliona. Habari ya taa ni wachache wanaoijua.

Taa kubwa ya motokaa ina mwanga wa juu, wa kuona mbali, na mwanga wa chini, wa kupishana. Watu wengi hudhani kwamba huu wa chini ni ule ule wa juu ulioinamishwa tu. Sivyo. Mwanga wa chini umekatwa kama nguo inavyokatwa na fundi cherehani. Ukiangaza ukuta, utaona mstari: chini yake ni nuru, juu yake ni giza. Na mstari huo haukulala sawasawa. Nusu yake imelala, na nusu ya pili yapanda kama paa la nyumba. Nusu inayopanda imekusudiwa ukingo wa barabara, ili iwaangaze waendao kwa miguu. Nusu iliyolala imekusudiwa wale wanaokuja mbele yako, isipate kuwapiga machoni.

Katika taa ya Japani nusu inayopanda ni ya kushoto. Huko ni sawa kabisa. Lakini huku kwetu mambo yamepinduka: nusu inayopanda yampofusha dereva anayekuja, na nusu iliyolala yaangukia ukingo wa kuume, pale alipo mtu wa makala na baisikeli yake. Yule aliyestahili kuachwa gizani apigwa na mwanga, na yule aliyeuhitaji mwanga aachwa gizani. Tena mara nyingi hao wawili wahusika katika ajali moja, maana dereva aliyepofushwa na motokaa yako naye ana mtu wa kwenda kwa miguu kwenye ukingo wake, na kwa nukta mbili au tatu hamwoni.

Jambo hili limepata kuishughulisha nchi nzima. Tarehe 3 Septemba 1967 watu wa Uswidi walihama wote pamoja kutoka mkono wa kushoto kwenda mkono wa kuume. Usukani haukuwasumbua, kwa kuwa motokaa zao nyingi zilikuwa na usukani wa kushoto tangu zamani. Walakini taa zilipaswa kubadilishwa. Na hata leo Mwingereza anayevuka kwenda Ufaransa na motokaa yake hutakiwa kuzirekebisha taa, na wengi hubandika juu ya kioo chake kipande kidogo cha utepe kilichokatwa kwa kazi hiyo. Sisi nasi twaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani, kwa gharama ndogo.

Tafuta mahali pa tambarare penye ukuta. Isimamishe motokaa mita 5 mbele ya ukuta huo, jua likiisha kutua, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na mtu mmoja ameketi katika kiti cha dereva. Washa mwanga wa chini. Funika taa moja kwa nguo, uitazame nyingine. Pima kwanza urefu wa katikati ya taa kutoka chini, ukautie alama ukutani kwa chaki. Ule mstari wa nuru, katika nusu yake iliyolala, wapaswa kuwa chini ya alama hiyo kwa sentimita 5 hivi. Kwa mita 10 ingekuwa sentimita 10. Kama uko juu, nyuma ya taa, ndani ya boneti, kuna parafujo ya kuinamishia. Izungushe polepole kwa bisibisi huku mwenzako akiutazama ukuta.

Sasa ile nusu inayopanda. Twaa kipande cha karatasi ngumu, ukipitishe mbele ya kioo cha taa polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku ukitazama ukutani. Patakuwa na mahali ambapo, ukipafunika, ule mpando wa kushoto watoweka na mstari wabaki umelala wote. Hapo ndipo pa kubandika utepe mweusi, usiozidi ukubwa unaohitajika. Usimwige jirani yako, kwa maana mahali penyewe si pamoja katika taa zote, na hasa taa hizi za siku hizi zenye kioo kisicho na mistari. Umbo la kioo chao cha ndani ndilo linalougawa mwanga. Ufanye taa zote mbili. Baada ya safari ya kwanza ya usiku ukague kama joto halikuulegeza utepe.

Ni lazima tuseme wazi kwamba dawa hii ni nusu ya dawa. Yamwondolea taabu dereva anayekuja. Haimwongezei mtu wa makala mwanga aliokosa. Anayetaka dawa kamili sharti apate taa zilizotengenezwa kwa nchi za mkono wa kuume. Hazikosekani, kwa sababu Vitz ya kwanza iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, na IST ya kwanza iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, na nchi hizo nyingi hushika njia kama sisi. Mwenye duka la vipuri akikuambia kwamba taa zote ni sawa, ziwashe mbele ya ukuta wake kabla ya kulipa. Mpaka utakapozipata, punguza mwendo usiku. Hakuna utepe wa kuchukua nafasi ya mguu unaojua breki.

Wako vijana wanaotoa balbu ya kawaida na kutia nyingine yenye mwanga mweupe wa kuelekea buluu, wakiiona motokaa yao imekuwa mpya. Taa iliyoumbwa kwa balbu ya waya haijui kuupanga mwanga wa namna nyingine. Huutawanya kila upande, na ule mstari tuliousema waharibika. Mwenyewe huona weupe mwingi karibu na pua ya motokaa yake, akafurahi. Anayekuja mbele yake hafurahi.

Wengine huiinua motokaa, maana mashimo ya mitaani wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Machi, huugonga uvungu wa motokaa iliyoumbwa kwa barabara za Tokyo. Hatuwalaumu. Lakini vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tairi kuukuu na kusukumwa katikati ya springi ni kazi mbaya, kwani huponyoka, na springi hufanya kazi upande mmoja. Afadhali springi ngumu zaidi zilizokusudiwa motokaa hiyo. Tena ukiinua motokaa, umeziinua na taa zake; rudi ukutani. Hata gunia mbili za unga nyuma huinua pua. Motokaa nyingi zina kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye picha ya taa na namba kuanzia 0, ambacho wenye motokaa hukitazama miaka mitano bila kukigusa. Namba ikizidi, taa huinama. Kazi yake ni hiyo gunia mbili.

Tuache taa, twende milangoni, maana ugeni wa motokaa hii hauishi kwenye mwanga. Ukiegesha kando ya barabara mkono wa kuume, dereva ndiye anayeshuka salama kwenye majani. Abiria wa kushoto hushukia katikati ya magari. Dereva mwenyewe, akiwa amekaa upande wa pili, haoni vema nani anafungua. Kwa watoto hatari hii ni kubwa mno. Fungua mlango wa nyuma wa kushoto, utazame ukingoni mwake, karibu na kitasa: kuna kijiti kidogo cha chuma au plastiki. Kikisukumwa, mlango hautafunguka tena kwa ndani, ila kwa nje tu. Kifunge cha kushoto, cha kuume kiache wazi. Watoto watajizoeza kushukia upande wa majani. Katika mabadiliko yote tunayoyataja hili ndilo la bei nafuu kuliko yote, kwa sababu halina bei.

Kupita lori ni jambo lingine, nalo halina parafujo. Dereva aliyeketi kuume haoni mbele ya lori mpaka ametoa nusu ya motokaa yake nje ya mstari. Kwa hiyo humwuliza mkewe aliyeketi kushoto: "Njia iko wazi, mama?" Naye hujibu. Hata kama mama huyo ni dereva hodari, hana breki mguuni wala usukani mkononi, na jibu lake hufika likiwa limechelewa. Asiulizwe. Dereva arudi nyuma, aliache lori mbali mbele yake. Kadiri anavyokaa mbali, ndivyo anavyoona pembeni mwake. Asipoona, alifuate mpaka mjini.

Je, usukani wenyewe wahamishwe? Mafundi wanaohamisha wapo. Lakini kazi hiyo yataka kukata ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, kuhamisha pedali, pampu ya breki na fimbo ya usukani pamoja na mashine yake ya chini, na mara nyingi mfuko wa hewa wa kumkinga dereva hutupwa. Ikifanywa kwa vipuri halisi vya motokaa ya usukani wa kushoto, na mtu aliyesomea, yawezekana. Ikifanywa kwa kuunganisha vipande kwa moto wa kulehemu, twasema la. Waungio huo ukikatika kwenye barabara ya Likasi, hakuna wa kuusimulia. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mjini kwetu mwaka 1911, na tangu zamani wamefundisha vijana ufundi wa chuma na injini. Mtu aliyesoma kazi hapotei Lubumbashi, ukimtafuta.

Kwa kuwa twasema habari za kubadilisha, neno moja juu ya jambo lisilohusu upande wa barabara. Mafundi wengi, injini ikipata joto, huitoa termostati, yaani kile kizuizi kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, karibu digrii 80 na kitu. Husema: "Nchi ya joto haiihitaji." Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai sote twavaa sweta. Injini isiyo na termostati hubaki baridi muda mrefu, hunywa petroli nyingi na kuchafua mafuta yake. Joto lililozidi lina sababu nyingine: rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, kifuniko kisichobana.

Mengine ni ya kuburudisha nyumba. Redio ya Japani huishia kwenye namba 90 au juu yake kidogo, hali FM ya kwetu yafika 108. Kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena hushusha mawimbi hayo, na stesheni zilizokuwa zimefichwa husikika. Na ile sauti ya bibi wa Kijapani inayosema kila unapowasha motokaa, watoto wakiiiga kwa kicheko, mara nyingi ni ya chombo cha kulipia barabara za huko. Yadai kadi yake. Chombo hicho chaweza kuchomolewa bila madhara, ingawa jamaa nyingine wamekizoea hata hawataki kiondoke.

Siku utakayokwenda Ndola au Kitwe kuwasalimu ndugu, simama Kasumbalesa kabla ya kuvuka, ubandue ule utepe. Maana upande wa pili wa mpaka taa hizo zatakiwa ziwe kama zilivyozaliwa. Weka kipande kingine kwenye dashibodi kwa ajili ya kurudi, pamoja na kitambaa cha kufutia vumbi kioo cha taa, kwani utepe haushiki juu ya vumbi.