Je, Wajua? Namawala imo ndani ya kompyuta

Namawala ni kijiji cha bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako watafiti walihesabu mbu kwa bidii kubwa. Takwimu hizo za jinsi kuumwa na mbu kunavyobadilika kwa misimu zimetumika mara nyingi katika OpenMalaria, programu huria ya kuiga malaria iliyozaliwa kwenye taasisi ya tiba za tropiki mjini Basel, Uswisi.

Ndani ya programu hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja wa kweli. Kompyuta huunda watu wa kubuni, huwazalisha, huwaambukiza na kuwatibu, ikisogeza saa yake kwa hatua za siku 5. Mtafiti akitaka kujua vyandarua au chanjo vitapunguza vifo kiasi gani, huvigawa kwanza kwa watu hao. Hesabu ni nzito mno, na kwa miaka kadhaa watu wa kawaida walitoa kwa hiari kompyuta zao za nyumbani zisaidie kuzikokotoa kupitia mradi wa malariacontrol.net.

Msimbo wenyewe, ulioandikwa kwa C++, uko wazi. Jambo hili si dogo: tokeo la uigaji ambalo msimbo wake umefichwa ni kama hesabu ya mtihani isiyo na njia, jibu tu. Atakayetilia shaka OpenMalaria hana haja ya kumwandikia mtu barua. Aupakue msimbo kutoka tovuti ya GitHub, abadilishe idadi ya mbu apendavyo, aendeshe tena, kisha alinganishe.