Kung'arisha Si Kusafisha: Somo Kutoka Magurudumu ya Eastlands

Miongoni mwa ajira ambazo vijana wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wamejibunia bila kungoja hisani ya serikali wala ya mwajiri, kuosha magari ni mojawapo ya zile zinazoonekana zaidi. Tangu Makadara na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, ni nadra kutembea mwendo wa robo saa bila kukuta uwanja mdogo wenye tangi la maji, mpira mrefu, ndoo kadhaa na vijana waliovaa mabuti ya mpira. Aghalabu kazi hii hufundishwa kwa kutazama: mdogo humtazama mkubwa, naye mkubwa alimtazama aliyemtangulia. Nataka leo kuzungumza na walimu wenzangu na wanafunzi juu ya sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni usafishaji wa magurudumu.

Huenda msomaji akajiuliza mhadhiri wa isimu anatafuta nini kwenye matope ya rimu. Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi nimewahimiza wanafunzi wangu waende wakaisikilize lugha mahali inapofanya kazi, wala wasiitafute katika kamusi peke yake. Nami hukaa mara kwa mara kwenye mabenchi ya viwanja hivyo, nikisubiri gari langu na kutega sikio. Nilichokibaini ni kwamba uharibifu mwingi unaozipata rimu, pamoja na mikono ya wanaozisafisha, hautokani na uzembe. Unatokana na maarifa kukaa katika lugha moja ilhali kazi inafanyika katika lugha nyingine.

Kwanza tuelewe kwa nini gurudumu lina uzito kiasi hicho huku kwetu. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo biashara hiyo ikawa uwanja wa ushindani mkali. Kufikia miaka ya 1990, matatu za Buruburu, zile za nambari 58, zilikuwa zikijulikana mji mzima kwa michoro, muziki na rimu zinazometameta. Vijana waliziita manyanga. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, zilileta mstari wa manjano na kuyapunguza mapambo kwa muda, lakini mapambo yalirejea, na vijana wa leo huyaita magari ya namna hiyo nganya. Jina limebadilika, tamaa ya mng'ao haikubadilika. Mwenye gari anajua kwamba rimu inayong'aa ni tangazo, kwa hiyo humtaka muoshaji ampe mng'ao huo tena kwa haraka.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, na linaanza na majina. Katika mazungumzo ya kawaida twayachanganya maneno matatu: gurudumu, tairi na rimu. Gurudumu ni kitu kizima kinachozunguka. Tairi ni mpira unaokanyaga barabara. Rimu ni ule mduara wa metali unaoshikilia tairi. Na rimu zenyewe si za aina moja. Zipo za chuma kilichopakwa rangi. Zipo zilizotiwa kromu. Zipo za aloi, ambazo aghalabu ni alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo, kisha ikapakwa rangi na kufunikwa kwa utando mwembamba wa vanishi angavu. Zipo pia za alumini tupu iliyosuguliwa ikang'aa, isiyo na vanishi yoyote. Asiyezitofautisha hizi kwa majina atazipa zote dawa moja, na dawa inayovumiliwa na moja huiangamiza nyingine.

Uchafu nao una aina zake. Mvua ikinyesha Eastlands, udongo wetu mweusi hunata kwenye magurudumu kama ulezi uliosongwa. Huo ni uchafu wa wazi, nao hutoka kwa maji na subira. Uchafu wa hatari zaidi ni lile vumbi la kahawia linaloonekana hasa kwenye magurudumu ya mbele, ambako breki hufanya kazi kubwa zaidi. Dereva anapokanyaga breki, pedi husagana na diski ya chuma, na chembe ndogo sana za chuma huruka zikiwa na moto. Chembe hizo hujipachika kwenye vanishi ya rimu, kisha hupata unyevu na kushika kutu papo hapo. Ndiyo maana sabuni ya kawaida huosha rimu ikabaki na madoa, na ndiyo maana muoshaji, baada ya kusugua mpaka mikono ikafa ganzi, hushawishika kutafuta kitu kikali.

Kitu hicho kikali huwa ni asidi, au tindikali kama wazee wanavyoiita, inayouzwa katika chupa yenye maandishi ya Kiingereza au ya lugha za mbali zaidi. Ukiimwaga kwenye rimu, hutoa povu, na baada ya dakika chache uchafu wote umeondoka. Mteja hufurahi. Lakini tazama kilichotendeka. Alumini hujilinda yenyewe kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi inayojijenga pindi metali inapokutana na hewa. Asidi kali huila ngozi hiyo. Kila mpishi wa nyumbani amewahi kuliona jambo hili bila kulitaja: sufuria ya alumini iliyofifia, ikipikiwa nyanya nyingi au ukwaju, hutoka jikoni inang'aa. Mng'ao ule si usafi. Ni metali iliyoambuliwa ngozi yake.

Basi wengine husema: tukiogopa asidi, tutumie kinyume chake. Hapa walimu wa kemia watanisaidia. Mwaka 1909, mwanasayansi wa Denmark aitwaye Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH tunachokitumia mpaka leo. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alikali, na kila hatua moja ni mara 10 ya ile iliyotangulia. Neno alikali lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni majivu ya mimea iliyochomwa. Kwa hiyo bibi zetu waliosugua vyungu kwa majivu walikuwa wakitumia alikali bila kuhitaji maabara. Ila alumini ina tabia ya kipekee: hushambuliwa na asidi kali, na hushambuliwa vilevile na alikali kali. Majivu yanayofaa chungu huifanya sufuria ya alumini iwe nyeusi. Na dawa kali za kuondoa grisi ya injini, ambazo nyingi ni za alikali, huiachia rimu isiyo na vanishi doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Rimu ya aloi yataka sabuni iliyo karibu na saba. Kwa vumbi la breki, ipo dawa maalumu isiyo ya asidi kali, ambayo hugeuka zambarau inapokutana na chembe za chuma. Harufu yake haipendezi, nayo yataka glavu, lakini hufanya kazi yake bila kuila rimu.

Sasa niseme juu ya neno moja ambalo limenikalia moyoni. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwamba rimu ya mteja "imebabuka", yaani vanishi yake imetoka vipande vipande. Muda mfupi baadaye akanyosha vidole vyake na kutumia kitenzi kilekile: "Hata hivi vimebabuka." Hakuwa akitunga shairi. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa rangi na kwa ngozi, na tindikali haibagui kati ya hizo mbili.

Jambo hili si la mzaha. Baadhi ya dawa za kusafishia rimu zina asidi haidrofloriki, au chumvi zinazoizalisha. Asidi hii hupenya ngozi na kushikana na kalisiamu iliyo ndani ya mwili, hata kuufikia mfupa. Ikiwa imezimuliwa, maumivu yake yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo kijana huenda nyumbani akidhani yu salama. Aliyeguswa nayo aoshe mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka bila kupoteza hata dakika, kisha aende hospitalini akiwa na chupa mkononi ili daktari aione, hata kama hasikii uchungu wowote. Habari hizi zimo katika maandishi madogo ya chupa. Zimo pale, katika lugha ambayo kijana aliyeacha shule mapema huisoma kwa kubahatisha.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kueleza mambo haya. Mimi nasema Kiswahili kinayo hazina ya vitenzi ambayo lugha nyingi zingeitamani. Tuna osha, suuza, sugua, kwangua, futa, pangusa, kausha, takasa na ng'arisha, na hakuna hata viwili vyenye maana moja kamili. Kazi nzuri ya gurudumu si kingine ila kuvipanga vitenzi hivyo kwa utaratibu. Ngoja kwanza rimu ipoe, kwa maana rimu ya moto huikausha dawa kabla haijafanya kazi na kuacha alama. Anza na magurudumu kabla ya bodi, moja baada ya jingine. Suuza kwa maji mengi ili mchanga uondoke wenyewe. Osha kwa maji ya sabuni laini na brashi ya nywele nyororo, ukiwa na ndoo ya pili ya kusuuzia brashi hiyo. Sugua kwa upole panapohitajika, ila usikwangue: waya wa kusugulia sufuria huacha mikwaruzo ambamo uchafu wa kesho utajificha. Suuza tena. Pangusa kwa kitambaa ambacho hakitatumiwa kwenye bodi ya gari, kwa kuwa chembe za chuma zilizomo zitaikwaruza rangi. Kausha. Mwisho paka nta, kama ile itokayo kwenye majani ya mtende wa karnauba wa Brazili, ili vumbi la breki likose pa kung'ang'ania. Nta isifike kwenye diski ya breki hata kidogo. Na gari likitoka hapo, dereva akanyage breki kwa upole mara kadhaa ili zikauke.

Tairi nalo lina haki yake. Desturi ya kulipaka dizeli ili liwe jeusi ti! ni desturi mbaya, kwa sababu mafuta ya petroli na jamii yake huuvimbisha mpira na kuudhoofisha. Maji na sabuni humtosha mwenye busara.

Najua jibu nitakalopewa: mteja ana haraka, matatu yataka kurudi barabarani kabla foleni ya Jogoo Road haijashikana, na asidi ni rahisi kuliko subira. Hoja hiyo ina uzito kwa siku moja. Kwa mwaka haina uzito. Bandu bandu huisha gogo: rimu iliyooshwa kwa asidi wiki baada ya wiki hatimaye huhitaji kukwanguliwa na kupakwa rangi upya, na gharama hiyo humeza akiba yote ya dakika zilizookolewa. Isitoshe, mwenye kuokoa dakika ni mteja, na mwenye kulipa kwa vidole ni mwingine kabisa.

Tena kuna mlipaji wa tatu asiyekuwepo uwanjani. Maji yatokayo kwenye viwanja hivi huingia mitaroni, na mitaro mingi ya Eastlands huelekea mito ya Ngong, Mathare na Nairobi. Mito hiyo huungana, hujiunga na Athi, na Athi hushuka ikaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mkulima anayenywesheza mboga bondeni hajui ni dawa gani iliyotumika Umoja asubuhi ile.

Nini basi kifanyike? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa, pamoja na ulinzi wa afya na usalama wake. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuelewa jinsi chupa ya asidi inavyoweza kuuzwa Kayole bila hata sentensi moja ya Kiswahili inayosema: vaa glavu, usiiache ikaukie, ikikugusa kimbilia maji.

Nasi walimu tusingoje sheria itufanyie kazi. Mwalimu wa kemia aweza kulifundisha somo la asidi na alikali kwa rimu na sufuria badala ya mifano ya ng'ambo. Mwalimu wa Kiswahili aweza kumpa mwanafunzi chupa tupu iliyosuuzwa vyema na kumwambia aandike upya maelezo yake kwa lugha ambayo kaka yake aliye uwanjani ataisoma bila kubabaika. Insha kama hiyo haitashinda tuzo yoyote, lakini ikibandikwa kwenye tangi la maji itasomwa kila siku, na huenda ikaviponya vidole vya mtu.