Na sisi tuliwahi kuwa ng'ambo



Kama unasali Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, bila shaka unawafahamu watoto wa Utoto Mtakatifu wa parokia yako. Inapokaribia sherehe ya Tokeo la Bwana, walezi wao, ambao ni watu wa kujitolea, huhangaika kukusanya sadaka na mahitaji. Sehemu ya sadaka hiyo huvuka mipaka ya nchi, ikachanganywa na ya watoto wa mataifa mengine, na kusaidia shule na vituo vya yatima ambavyo mimi nawe huenda tusivione kamwe.

Hapo ndipo huja swali: "Baba, yatima wamejaa hapahapa Temeke. Kwa nini tupeleke ng'ambo?" Usidhani huo ni ubahili. Anayeuliza huenda ni mama muuza vitumbua, anayejua vizuri bei ya daftari. Anastahili jibu.

Jibu la kwanza liko Bagamoyo, kwenye barabara hiyohiyo inayopita Tegeta na Bunju. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu akiwa na uchungu juu ya watoto wa China. Aliwaomba watoto wa kwao Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi. Miaka 25 baadaye, mwaka 1868, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Walipokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawapa makao, shule na ufundi. Sehemu ya gharama hizo ililipwa kwa sarafu za watoto wale wa Ulaya. Nako Ulaya yatima walikuwapo, na maskini walikuwapo. Kama wangesema wamalize kwanza ya kwao, Bagamoyo ingeendelea kungoja. Kwao, ng'ambo ilikuwa ni sisi.

Jibu la pili analitoa Mtume Paulo. Alipokuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, Wakristo wa Makedonia, waliokuwa fukara, walimsihi awape nafasi ya kushiriki (2 Kor 8:1-4). Walijua kwamba kutoa si fahari ya matajiri peke yao. Anayezoea kupokea tu husahau kwamba naye ana mikono.

Hata hivyo, swali la mama yule lina ukweli ndani yake. Ukimruka yatima wa jumuiya yako ili jina lako lisomwe kwenye orodha ya misaada ya mbali, hiyo ni safari ya kutafuta sifa. Yatima wa jirani na yatima wa mbali hawagombanii moyo mmoja. Mara nyingi anayemkumbuka wa mbali ndiye huyohuyo aliyekwisha kubisha hodi kwa wa karibu.

Lakini tutoe kwa akili. Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoua watu zaidi ya 600 nchini Malawi, nchi yetu ilipeleka unga, mahema na mablanketi. Hayo ndiyo aliyehitaji mtu aliyesombewa nyumba. Shule inayofundisha kila siku ina mahitaji mengine, na wanaoyajua ni walimu na walezi wake. Basi tuwaulize kabla ya kufunga maboksi. Sare za kwetu huenda si sare zao. Daftari likinunuliwa hukohuko huenda likagharimu kidogo kuliko nauli ya kulivusha mpaka wa Kasumulu. Na nguo ambayo usingemvalisha mwanao kwenda Misani, usimpelekee mtoto wa mwenzako ukaiita sadaka.

Mwisho, tuhesabu wazi. Paulo hakubeba mchango ule peke yake. Alitaka makanisa yenyewe yachague watu waaminifu wa kuupeleka (1 Kor 16:3). Nasi kamati itangaze kilichopatikana, kilichotumwa na kilichopokelewa. Mama muuza vitumbua ana haki ya kujua sarafu yake imefika wapi.

Leo ukirudi nyumbani, mpe mwanao sarafu aitoe kwa mkono wake mwenyewe, kisha msali pamoja Salamu Maria moja kwa ajili ya mtoto ambaye hamjui jina lake. Zamani kuna mtoto aliyefanya hivyo kwa ajili yetu.