"Thou" Halikuwa Neno la Heshima

Wasomaji wengi wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 huamini kwamba "thou" lilikuwa neno la kumtukuza anayesemeshwa. Ushahidi unaonyesha kinyume chake. Enzi za Shakespeare, neno la adabu lilikuwa "you", hata kwa mtu mmoja. "Thou" aliambiwa mtoto, mtumishi, mpenzi au adui. Mwaka 1603, Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimwita "thou" mahakamani, makusudi, ili kumdhalilisha. Baadaye waumini wa Quaker, waliokataa kubagua mkubwa na mdogo, walimwambia kila mtu "thou", wakatukanwa na hata kupigwa. Nani angepigwa kwa kumheshimu mwenzake?

Mtu atauliza: mbona Mungu naye anaambiwa "thou"? Ni kweli, lakini katika tafsiri hiyohiyo Shetani pia anaambiwa hivyo. Watafsiri walifuata Kiebrania na Kiyunani, lugha zinazotenganisha mmoja na wengi, kama sisi tunavyotenganisha "wewe" na "ninyi". Utakatifu ulikuja baadaye, neno lilipotoweka mitaani likabaki kanisani, na katika lahaja chache kama za Yorkshire, ambako hakuna aliyelidhania takatifu.