Kanuni Haikuvunjwa, Mchezo Umeharibika

Mei 2011, kwenye kasino ya Torrelodones nje kidogo ya Madrid, ilichezwa fainali kuu ya mashindano ya poka ya Ulaya. Katika mkono mmoja Ivan Freitez wa Venezuela alikuwa na karata nzito. Mpinzani alipoweka dau, Freitez alitamka kwamba anapandisha, kisha akasukuma jetoni za kufuata tu na kudai kwamba Kiingereza kilimchanganya. Kwa kanuni ya poka, neno lililotamkwa kwa zamu yako linakufunga. Kwa hiyo msimamizi, Thomas Kremser, alimlazimisha kupandisha kwa kiwango cha chini kabisa. Lakini aliongeza jambo moja: aliitangazia meza kwamba mchezaji huyu alishawahi kufanya hivyohivyo.

Tangazo hilo lilikuwa na uzito kwa sababu mpinzani anayemwona mtu amelazimishwa kupandisha humdhania mnyonge, na hulipa kwa moyo mwepesi. Freitez hakufukuzwa. Alishinda mashindano yale na kuondoka na euro 1,500,000, na hadi leo wapenzi wa poka wanabishana juu ya mkono ule.

Ujanja wa namna hii ni mgumu kuushika. Hakuna karata iliyofichwa kwenye mkono wa shati, wala alama iliyochorwa mgongoni mwake. Mjanja hutumia mwanya ulio kati ya maandishi ya kanuni na yale ambayo wenzake mezani wanayaelewa.

Mwingine husogeza mkono wenye jetoni mbele, akasoma uso wa mpinzani, kisha akaurudisha. Mwingine hupanga jetoni kubwa nyuma ya ndogo ili aonekane hana kitu. Wa tatu, na huyu ndiye hatari kuliko wote, husema mwishoni "nimeshinda" kabla ya kufunua karata zake, akitumaini utazitupa zako kwa hasira. Dawa ya huyo ni moja: usiachie karata zako hadi umeona za mwenzako zimelala wazi mezani. Kanuni za mashindano zinasema karata zenyewe ndizo zinazohesabiwa, si maneno ya mdomo. Lakini karata zilizokwisha kuchanganywa na zile zilizotupwa haziwezi kumtetea mtu.

Hapa Kalemie, michezo iliyozoeleka uani na barazani ni karata za kawaida na dame, mara nyingi dame ya vizibo vya chupa. Mianya ni ileile. Tazama dame: kanuni ya zamani ya Kifaransa ilimruhusu mchezaji kuichukua kete ya mpinzani aliyesahau kula, na ikabaki zamu yake kucheza. Kanuni za kimataifa za dame ya kete ishirini kwa ishirini zimeiondoa adhabu hiyo. Kula ni lazima, tena ni lazima ule njia yenye kete nyingi zaidi. Mchezaji anayezijua kanuni zote mbili anaweza kunyamaza mchezo mzima, halafu akaitoa ile inayomfaa siku hiyo. Hapo ugomvi hauna mwamuzi, maana kila mmoja ana haki yake.

Vivyo hivyo kwa kete iliyoguswa. Katika chesi, anayetaka kuiweka sawa kete bila kuicheza hutamka kwanza "j'adoube". Asipotamka, aliyoigusa ataicheza. Kalemie, ambako Kifaransa ni cha shule na ofisi, neno hilo halina ugumu, na lingemaliza nusu ya visingizio vya "nilikuwa naitengeneza tu".

Wasimamizi wa mashindano ya poka waliunda chama chao mwaka 2001 ili kanuni zifanane kutoka kasino hadi kasino. Kanuni yao ya kwanza haihusu karata wala dau. Inasema msimamizi atatanguliza masilahi ya mchezo na haki, na jambo lisilo la kawaida likitokea, uamuzi wa busara unaweza kuishinda kanuni ya kiufundi. Hicho ndicho kiini cha jambo lenyewe: mjanja anayeishi kwa herufi ya kanuni hana pa kujificha mbele ya msimamizi mwenye ruhusa ya kutazama nia. Adhabu nazo hupanda hatua kwa hatua, kuanzia onyo, kukosa mikono au mzunguko mzima, hadi kutolewa.

Chama hicho pia kinataka kila ukumbi utangaze lugha za mezani. Kwa mji ambao meza moja inaweza kuwa na Kiswahili, Kifaransa, Kiluba, Kitabwa na Lingala, hiyo ni kanuni ya maana sana. Wawili wakinong'ona lugha ambayo wa tatu haijui, hana njia ya kujua kama wanasalimiana au wanaambiana karata.

Ukosefu wa adabu una dawa nyepesi zaidi. Anayekaa kimya dakika nzima kila zamu anaweza kuombewa saa: muda wa kutosha ukishapita, hupewa sekunde 25, kisha huhesabiwa tano, na kama kuna dau mbele yake, mkono wake unakufa.

Ujanja una mpaka wake pia. Mwaka 2012 mchezaji wa poka Phil Ivey alishinda pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London, kwa kutambua tofauti ndogo za kingo za migongo ya karata, baada ya mwenzake kumshawishi mgawaji azigeuze. Hakugusa karata hata moja, na aliamini kwa dhati kwamba hakudanganya. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba ule ulikuwa udanganyifu, na fedha hakulipwa.

Ndugu msomaji, kabla ya karata kugawiwa, chagueni mtu mmoja asiyecheza awe mwamuzi, kubalianeni kanuni ipi ya dame mnaifuata na lugha ipi itasemwa. Tatizo likizuka, mikono yote itoke mezani, karata zibaki zilipo, mwamuzi aitwe kabla sauti hazijapanda. Na mtu akirudia "kukosea" mara ya pili kwa namna ileile, semeni wazi mbele ya meza nzima, kama alivyofanya Kremser.