Fahamu: Manowari nzito na kruza ya vita zinatofautianaje?

Zote ni meli za kivita zenye mizinga mikubwa. Manowari nzito ilijengwa ipige na istahimili kupigwa. Kruza ya vita ilipunguziwa deraya ili ikimbie zaidi.

Mfano wa Uingereza

HMS Dreadnought ya 1906 ilikuwa na deraya ya ubavuni yenye unene wa hadi milimita 279 na mwendo wa takriban kilomita 39 kwa saa. HMS Invincible, iliyoshushwa majini 1907, ilikuwa na milimita 152 tu, lakini ilifikia kilomita 46. Mizinga yao mikuu ilikuwa ya kipenyo kilekile: milimita 305.

Jutland, 1916

Mei 31, katika pigano la majini na Wajerumani, kruza tatu za vita za Uingereza, Invincible ikiwamo, zililipuka na kuzama. Kulaumu deraya peke yake si haki: baruti nayo ilishughulikiwa kizembe. Wajerumani, waliozipa kruza zao chuma kinene zaidi, walipoteza moja tu; nyingine, Seydlitz, ilijikokota hadi nyumbani ikiwa imejaa maji.

Kwa nini kruza za vita zilitoweka?

Injini ziliboreka. Kufikia 1943, manowari nzito ya Marekani, USS Iowa, ilikuwa na deraya ya milimita 307 na mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa. Kruza ya vita haikuwa na kazi tena.