Mume na Mke Wenye Kampuni: Bima ya Gari Yamlinda Nani?

Huko Marekani pana jambo ambalo wenye biashara wengi hawalitambui hata siku ya ajali ifike. Twapenda kulieleza hapa, kwa kuwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliohamia huko na kufungua kampuni ndogo za uchukuzi, usafi na ujenzi wamo katika hatari hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa mume na mke wa jimbo la Ohio wenye kampuni ya kupaka rangi nyumba. Magari yao yote mawili, pikapu ya kazi na gari dogo la nyumbani, yameandikishwa kwa jina la kampuni, na kampuni ndiyo iyalipiayo bima. Bima yao wenyewe waliifuta zamani. Waliona, na nani angewalaumu, kwamba ni upuuzi kulipia bima ya gari mtu asiye na gari. Jumamosi moja mke anaazima gari la jirani kwenda kumpokea mamaye kituo cha basi. Njiani anamgonga mpanda baiskeli, naye anavunjika nyonga.

Bima ya jirani ndiyo itakayolipa kwanza, maana huko bima kwa kawaida hufuata gari. Lakini huenda jirani alikata kile kiwango cha chini cha sheria tu, ambacho kwa Ohio ni dola 25,000 kwa majeruhi mmoja. Matibabu ya nyonga hospitalini Marekani aghalabu hupita hapo. Kinachosalia majeruhi aweza kumdai mke yule mahakamani, na hukumu ikitoka, akiba ya nyumbani imo hatarini.

Basi mke anaikimbilia hati ya bima ya kampuni. Hati hiyo imejaa neno "wewe". Huyo "wewe" ni nani? Ni yule aliyetajwa ukurasa wa kwanza, nayo ni kampuni. Sheria huihesabu kampuni kuwa mtu, lakini mtu huyo hana mke wala mtoto, wala haazimi gari la jirani siku ya Jumamosi. Katika bima ya mtu binafsi, "wewe" ni mwenye hati pamoja na mwenzi wake anayeishi naye. Neno ni moja, ila maana zake ni mbali kama mbingu na ardhi.

Wala hatari haiishii kwenye usukani. Mume akitembea kwa miguu, akagongwa na dereva asiye na bima au aliyetoroka, bima binafsi yenye kinga dhidi ya madereva wa namna hiyo ingemfidia. Ile ya kampuni, kwa kinga hiyo, huwatazama waliomo ndani ya magari yake tu.

Dawa ipo tangu zamani, na kwa kawaida bei yake si kubwa. Ni nyongeza ya hati inayomlinda mtu aendeshapo gari lisilo lake. Katika fomu za Insurance Services Office, zitumiwazo na makampuni mengi huko, namba yake ni CA 99 10. Jina la mume likiandikwa humo, mkewe hulindwa pia, maadamu wanakaa nyumba moja. Wakitengana, mke akahamia kwa dada yake, kinga yake huweza kukoma siku ile ile, hali yeye bado ni mshirika katika kampuni. Kwa hiyo ni heri majina yote mawili yaandikwe.

Kijana wao wa miaka 19 naye, akiazima gari la rafiki na kumwumiza mtu, halindwi kwa jina la babaye, lake liwepo. Na nyongeza hiyo haigusi kabisa gari linalomilikiwa na mtu wa nyumba hiyo, hata likiwa bovu la kununuliwa kwa bei ya kutupa. Hilo lazima likatiwe bima yake.

Mfanyabiashara asiyeunda kampuni, ambaye hati imeandikwa kwa jina lake mwenyewe, ana nyongeza nyingine, namba CA 99 17.

Kwa wale wenye kampuni, ukurasa wa kutazama ni ule wenye orodha ya majina. Nyongeza iliyobandikwa kwenye hati, nafasi ya majina ikaachwa tupu, haimlindi mume wala mke.